Nimelipia nyatiti, nikauziwa kinubi cha kompyuta

Wadau wa Kisumu na viunga vyake, mnisamehe nikiandika kwa hasira. Wiki tatu nimejizuia, leo nimeshindwa.

Nilitafuta studio mjini ya kurekodi nyimbo mbili. Siitaji jina, mwenyewe akisoma atajijua. Tukaelewana shilingi 18,000, pamoja na siku nzima ya kurekodi nyatiti, chombo chetu cha nyuzi cha Wajaluo. Mjomba wangu ni jathum, yaani mpiga nyatiti. Alipanda matatu kutoka Siaya alfajiri, nyatiti kaifunga kwa leso na kuipakata, gara, zile njuga za kuvaa mguuni, ziko kwenye mfuko wa sukari. Saa tatu tuko mlangoni. Saa nane mzee bado yuko kwenye benchi la nje, hata maji hajapewa. Ndipo prodyuza akatoka na kusema, "Mzee apumzike tu, hizo sauti zote ninazo kwa mashine."

Nikadhani labda kuna mtu aliyeketi akarekodi nyatiti uzi baada ya uzi, akaziingiza kwenye programu. Hapo nisingekuwa na neno. Mimi mwenyewe nyumbani natumia ngoma na besi za kompyuta, na zikipangwa na mwenye sikio huwezi kujua. Lakini alichopiga huyu ni kinubi cha kizungu, akakipunguzia mwangwi, kisha akaandika "Nyatiti" kwenye skrini. Niliona kwa macho yangu.

Anayeijua nyatiti anajua kwamba zile nyuzi 8 ni nusu tu ya kazi. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anagonga nayo ukingo wa chombo, njuga zinaitikia. Akiongeza kasi, mkono, mguu na koo vinaenda pamoja. Kwenye wimbo wangu pete haipo, njuga hazipo, na kila noti inagongwa sawasawa kama saa ya ukutani. MIDI, lugha ya kuiambia kompyuta ipige noti gani, ina ngazi 127 za nguvu ya kugonga noti, kutoka mguso hadi kishindo. Bwana huyu alipachika noti zote kwenye 100! Tena mjomba hukaza nyuzi kwa kufuata koo lake, hazilingani na vibonye vya kinanda. Nilipoimba nilivyozoea kuimba naye, nikaambiwa mimi ndiye ninayekosea sauti. MIMI.

(Msianze kuniambia wa kulaumiwa ni waliotengeneza hizo programu. Najua General MIDI, ile orodha sanifu ya sauti 128 za vyombo ya mwaka 1991, ina kalimba, ina koto ya Japani, na nyatiti haimo. Lakini maikrofoni ilikuwepo, na mzee alikuwepo!)

Nikaomba kazi yangu niipeleke kwa rafiki Kakamega ajaribu kuiokoa. Nikatozwa 2,000 nyingine ya kunakiliwa kwenye fleshi. Tukafungua: trako sita kati ya tisa, kimya. Alinipa MIDI tupu, yaani maagizo ya noti ipi ipigwe lini, na vyombo vyenyewe vimebaki kwenye kompyuta yake. Kuitoa kila trako kuwa WAV, faili yenye sauti yenyewe, ni kazi ya dakika chache, na alikuwa amekwisha kula pesa yangu.

Halafu kuna hili. Kwenye wimbo wa pili, kila baada ya muda unasikia "shhhh" kama mandazi yakitumbukizwa kwenye mafuta. Rafiki yangu alicheka mpaka akaketi chini. Programu aliyotumia prodyuza ni toleo la majaribio, hutia kelele hiyo makusudi mpaka ulipie. Nilipompigia prodyuza akasema ni "efekti". Tangu siku hiyo simu yangu haishiki.

Pesa zote sizidai. Nataka WAV za sauti yangu na nauli ya mzee, kwenda na kurudi.

Na kama kuna anayejua studio, iwe Kisumu, Kakamega, hata Nakuru, ambako mtu ataweka maikrofoni moja kwenye nyuzi na nyingine kwenye mguu, naomba anielekeze. Mjomba amesema atatoka Siaya mara moja tu zaidi, na safari hii chai itangulie.