MREJESHO: Kamera ya darubini iliyokuwa ikikatika na kutoa ukungu mtupu

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliomba msaada: kamera yangu ya kupiga nyota ilikuwa inakatika kila nikiwasha kipozeo (kinachopoza sensa, kile kipande cha kamera kinachonasa mwanga), na picha zilikuwa ukungu mtupu. Jumamosi usiku nimepata Kilimia, lile kundi dogo la nyota, na nyota zimekaa kama punje za chumvi. Asanteni sana.

Kukatika kulitokana na umeme, kama mkuu mmoja alivyobashiri. Adapta ilikuwa ya volti 12 kweli, lakini ampea 1 tu, na kipozeo kinataka 3. Nimeunga betri ya gari. Sensa ikashuka hadi nyuzijoto -5, ikatulia.

Fokasi nilianza mchana mlivyoshauri. Nililenga mnara wa simu wa mbali mpaka nyaya zikaonekana mmoja mmoja, nikatia alama ya kalamu kwenye bomba la kurekebishia fokasi. Usiku ikabaki kugusa kidogo tu.

Picha za giza, za kunasa kasoro za sensa yenyewe, nilipiga 20, kifuniko kimefungwa, sekunde 30 zilezile na joto lilelile. Nilipoziondoa kwenye picha halisi, vidoti vyekundu vilivyokuwa vikichafua picha vikatoweka.

Kilichogoma: nikizidisha sekunde 30 nyota zinavutika, kwa sababu kitako cha darubini hakifuati mzunguko wa anga sawasawa mpaka mhimili wake ulengwe kwenye ncha ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzungukia. Niko Morogoro, ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo, na kwangu milima ya Uluguru imeikinga, kwa hiyo siwezi kuilenga. Dada aliyeelekeza kulenga mhimili kwa kupima nyota inavyohama kwenye skrini, njia yako ndiyo ninayoijaribu wiki hii.