Nyota ya Kaskazini UTOSINI? Halafu naambiwa "nyota ni pambo tu"!

BintiKibokoni (mwanzisha uzi)

Jamani, sijalala. Mkiona herufi zimepandana nisameheni, naandika mikono yatetemeka kwa hasira.

Mnamjua. Sina haja ya kutaja jina, Mombasa nzima yamjua: yule wa kofia ya viua iliyolazwa upande, ambaye maikrofoni ikiwekwa Likoni yeye huinusia Mtwapa. Jana usiku alikuwa Mji wa Kale akitusomea ile riwaya yake ya fantasia, ile ya ufalme wa visiwani na malkia anayezungumza na papa. Watu tumejaa hadi ngazini, joto la kuivisha mayai. Akafika pale nahodha amepotea usiku, kaskazi inavuma, tanga limeraruka. Akateremsha sauti, ile ya kutangazia misiba, akasema nahodha aliinua macho na Nyota ya Kaskazini ikawaka utosini mwake.

UTOSINI!

Nikangoja mtu ashtuke. Wapi! Mama mmoja mbele yangu akafuta machozi. Zamu ya maswali ilipofika nikanyoosha mkono, nikasema kwa adabu zangu zote: samahani kaka, nyota hiyo kwetu haionekani, sasa baharia wako amejiongozaje nayo? Akanitazama toka mtandio mpaka viatu. Akatabasamu. Akasema, "Dadangu, nyota ni pambo tu." Ukumbi mzima kicheko! Kisha akamgeukia kijana mmoja aliyetaka kujua jalada kachora nani.

Pambo tu. Mbele za watu. Na lile tabasamu!

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini ukiwa London waiona imepanda nyuzi 51 hivi kutoka upeo. Ukija huku nayo yashuka, ukivuka ikweta imezama. Kwetu iko chini ya maji. Ili ikukae utosini sharti ukasimame Ncha ya Kaskazini kwenyewe. Kwa hiyo yule nahodha, na kikoi chake na miguu mitupu, yuko juu ya barafu! Jahazi limegandia! Papa wa malkia wamekuwa samaki wa friji! Na bado anasikia harufu ya karafuu kutoka pwani, imeandikwa, ukurasa huohuo.

Na asije mtu hapa akaniambia ni dunia ya kubuni. Angebuni mbingu yake nisingefungua kinywa. Aweke miezi 3, aweke nyota zinazonong'ona, aweke kundi la nyota lenye umbo la upawa, nitanunua na nitasoma. Lakini amechukua kusi yetu na kaskazi yetu, amechukua mikoko, majahazi, mahamri na mbaazi, hata milango ya nakshi, vyote vya hapa, tena vimepangwa vizuri, sikatai, mtu anajua kuandika. Alipofika juu akaona mbingu yetu haifai, akaenda kuazima ya watu wa baridi. Mbingu! Kitu pekee ambacho angekipata bure kwa kupanda juu ya nyumba akatazama!

Tena alikuwa nazo nyota za kuziweka utosini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kaskazi ikivuma, Januari, saa nne na kitu usiku, toka nje uinue uso hadi shingo iume. Zile nyota 3 zilizopanga mstari, mshipi wa Jabari, lile kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion, zinapita karibu kabisa na utosi wako. Mtu wa Oslo lazima ageukie kusini ndipo azione, hazimkai kichwani hata siku moja. Ni zetu! Nahodha angeinua macho akaziona hizo, na mimi ningekuwa nimefuta machozi pamoja na yule mama.

Marehemu babangu alikuwa mvuvi, na kalamu hakuizoea. Usiku wa giza akitazama Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, kimefika wapi anajua kama alfajiri iko karibu, aanze kuvuta nyavu ama angoje. Na mabaharia wa bahari hii walikuwa na kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: unauma fundo kwa meno, unakinyoosha kibao mbele yako mpaka ukingo wa chini uguse upeo na wa juu uguse nyota, lile fundo likwambie umefika wapi. Ahmad ibn Majid, yule nahodha wa Kiarabu, aliandika kitabu kizima cha elimu hii karne ya 15. Kitabu kizima, watu wakikifuata usiku baharini na roho zao mkononi. Halafu mtu wa Mombasa, mwana wa Mombasa, asimame hatua chache kutoka majini aniambie mie, "Dadangu, nyota ni pambo tu."

Sirudi kwenye kisomo chake tena hata aniletee teksi mlangoni.

ChipsiMwitu

Umekosa usingizi kwa ajili ya nyota ambayo hata haipo? 😂😂

BintiKibokoni

Haipo, ndiyo! Ndicho ninachosema! Haipo na yeye kaiweka utosini!

MzeeWaDau

Binti yangu, sema usichoke, Mungu akuhifadhi. Mie nilikisoma chote kwa sababu mjukuu wangu alinizawadia, na nimekwama kwenye ile karamu ya kifalme. Kaandika Nge na Jabari, yale makundi mawili ya nyota, wote wako juu ya ngome usiku mmoja, wamekaa baraza. Wapi na wapi? Mmoja akichomoza mashariki mwenzake anatua magharibi, hawapatani hao. Nge tunamwona juu jioni wakati wa kusi, mwezi wa Julai. Jabari ni wa kaskazi. Mtu akinionyesha wote wawili kati ya mbingu saa moja, nitampa dau langu na makasia yake.

Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtu alilima kwa hilo, akala, akalea watoto. Pambo, ati!

ChipsiMwitu

Papa wanaongea, mmekubali. Malkia ana miaka 600 na hana hata mvi, mmekubali. Nyota kusogea kidogo ndiyo kesi? Kalaleni.

BintiKibokoni

Papa ana sababu ya kuongea! Sura ya kwanza imeeleza, alimeza pete ya malkia. Nyota imemeza nini?

ChipsiMwitu

Labda nahodha ndiye aliyemeza pete.

Msomaji_Tononoka

ChipsiMwitu, huna hoja kaka. Tolkien mwenyewe, ambaye nusu ya waandishi wa fantasia wanamfuata, mwaka 1944 alimwandikia mwanawe barua akilalamika kwamba mwezi katika hadithi yake unafanya mambo yasiyowezekana, unachomoza upande mmoja wa nchi huku unatua upande mwingine. Akatumia alasiri nzima kurekebisha sura za nyuma. Alasiri nzima, kwa ajili ya mwezi wa nchi ya kubuni! Na mwandishi Ursula K. Le Guin, katika riwaya yake The Farthest Shore ya mwaka 1972, mashua inavyozidi kwenda kusini ndivyo nyota ngeni zinavyochomoza mbele yao. Bahari ya kubuni, visiwa vya kubuni, na bado mbingu inaifuata safari. Wao waliheshimu mbingu ambayo haipo. Huyu wetu anayo ya kweli juu ya kichwa, kaipuuza.

BintiKibokoni

Msomaji, Mungu akupe. Laiti ungekuwepo jana unisaidie wakati wanacheka.

MlaViaziKarai

Nimeona picha za jana, kulikuwa na sahani mezani. Mlikuwa mnakula nini?

SitiWaMtwapa

Mie nataka tuongee majalada. Kila kitabu cha fantasia kinachotoka pwani hii lazima kiwe na mwezi mwembamba na nyota imewaka katikati ya pembe zake. Sizungumzii bendera, nazungumzia picha inayodai kuwa ni anga. Mwezi ni tufe zima, ile sehemu ya giza ipo palepale imeziba. Nyota ikiwaka ndani ya pembe basi iko baina yetu na mwezi, na sisi tumekwisha, hakuna atakayebaki kununua sehemu ya pili.

Tena wanauweka usiku wa manane! Mwezi mwandamo hutua muda mfupi baada ya Magharibi. Kila mtu aliyesimama Mama Ngina akiutafuta wa Ramadhani anajua, ukichelewa kwa kuvaa viatu umeukosa.

DauLaTudor

Hilo dogo. Yeye huyohuyo mnayemsema kaandika mwezi mpevu na maji mafu, sura moja, usiku mmoja. Nilikitupa kitabu. Mwezi mpevu ni bamvua! Maji yanajaa mpaka kwenye ngazi na kukupwa mpaka miamba inatoka. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Nahodha wake hapotei kwa sababu ya nyota, huyo kapotea tangu gatini.

MzeeWaDau

Maji mafu na mwezi mpevu? Hilo sikuliona. Ntakwenda kulitafuta sasa hivi, miwani iko wapi.

ShangaziWaBondeni

Nyinyi na nyota zenu. Mie walionichosha ni majini. Kila jini lazima akae mbuyuni. Kila jini ananukia ubani. Kila jini anampenda binti wa kadhi. Hakuna jini hata mmoja katika vitabu vyetu anayekaa ghorofa ya tano Nyali, lifti imeharibika, maji hayapandi?

ChipsiMwitu

Shangazi, huyo alikuwa mwenye nyumba wangu. Alikuwa akitokea tarehe 1 asubuhi bila kubisha mlango.

KijanaWaMajengo

Na farasi je? Kuna moja nimesoma, mji ni Lamu kabisa, kabadilisha herufi mbili tu. Jeshi zima la farasi linapita vichochoroni mbio. Vichochoro vya Lamu! Punda wawili wakikutana pale mmoja arudi kinyumenyume. Hao farasi 1,000 wamegeuzia wapi?

Msomaji_Tononoka

Punda wangefaa kabisa. Jeshi la punda lingenitisha zaidi.

KijanaWaMajengo

Punda akikataa kwenda vita imeahirishwa, hapo ndipo pana riwaya.

BintiKibokoni

Jamani, farasi wana uzi wao, fungueni. Hapa tunazungumzia mtu aliyenitazama toka mtandio mpaka viatu, mbele ya watu waliojaa hadi ngazini, akaniambia nyota ni pambo tu. Hakunijibu hata neno moja la nyuzi 4! Angesema "sikujua" ningekaa kimya. Angesema "nitatazama" ningemnunulia kahawa. Alitabasamu!

MlaViaziKarai

Narudia swali langu kwa heshima. Kwenye zile sahani mlikula nini?

SitiWaMtwapa

Viazi karai. Baridi. Na ukwaju maji matupu.

MlaViaziKarai

Viazi karai BARIDI?

MzeeWaDau

Ukwaju maji matupu? Kwenye shughuli ya watu wazima? Nani aliyeandaa?

ShangaziWaBondeni

Siti, chunga ulimi mwanangu. Aliyepika namjua na ukwaju wake haukuwa maji. Walikaa wakisikiliza papa saa nzima, barafu ikayeyukia ndani ya bakuli. Ukwaju ufanye nini?

SitiWaMtwapa

Shikamoo shangazi. Nani anatia barafu kwenye ukwaju wa viazi karai?

DauLaTudor

Barafu kwenye ukwaju! Na mnalalamikia nyota!

BintiKibokoni

Turudi kwenye mada tafadhalini. UTOSINI. Kuna aliyekipata kile kitabu chapa mpya anitazamie kama karekebisha?

KijanaWaMajengo

Mie viazi vya ganda jembamba ndio siwezi. Vile vya unga wa dengu uliokolea, manjano yameiva, ukiuma panalia, hivyo ndivyo. Siku hizi wanapaka unga mmoja tu wa kuficha aibu.

ShangaziWaBondeni

Ni kwa sababu wanachemsha viazi vikarojeka kabla havijaingia kwenye unga. Kiazi kitolewe kingali kigumu kidogo, kipoe, ndipo kichovywe. Nimesema mara ngapi.

MlaViaziKarai

Shangazi, na chumvi unatia kwenye kiazi au kwenye unga?

ShangaziWaBondeni

Kote kuwili. Na ndimu kwenye unga.

ChipsiMwitu

Sasa uzi huu una maana. Wapi mtu anapata vya moto saa hii?

DauLaTudor

Makadara, pembeni ya bustani, kabla ya Magharibi. Ukichelewa utakuta pilipili tu na karai limeoshwa.