Naomba ushauri, madirisha ya mama Njombe yanapitisha baridi sana

Habari zenu wakuu, mimi nipo Dar ila mama yangu yupo Njombe na mnajua mwezi wa 6 na wa 7 kule baridi sio ya mchezo. Madirisha yake ni ya aluminiamu ya kuslaidi, juzi nilienda kumuona, usiku nikasogeza mshumaa kwenye fremu moto ukalala kabisa, yani upepo unapenya pale vioo viwili vinapokutana na chini kwenye reli, zile brashi za manyoya za kuzuia upepo zimeisha kama mswaki uliochakaa. Kaziba na matambara ila asubuhi yanakuwa yamelowa chapachapa.

Kinachonitisha zaidi anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, nimemkataza sana maana ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua mtu usingizini, ila baridi ikizidi najua atarudia tu.

Sasa nibadilishe brashi zote au raba za kubandika zinatosha? Silikoni nitapaka kati ya fremu na ukuta tu ili vioo viendelee kufunguka. Na kubana nailoni ngumu kwa ndani kuna aliyejaribu? Kwa Kariakoo nivitafute mtaa gani, nataka nitume na basi kabla ya Ijumaa.