Historia ya Wayahudi kidato cha nne, mngeanzia wapi?

ticha_wa_tanga
Habarini walimu. Nafundisha historia kidato cha nne, tumefika Vita ya Pili ya Dunia na mauaji ya Wayahudi kitabu chetu kimeyapitia juu juu tu. Wanafunzi wangu Myahudi wanayemjua ni wa kwenye Biblia, Musa na Daudi, alafu wanaruka mpaka habari za Gaza. Juzi mmoja kaniuliza kabisa, "kwani mwalimu bado wapo?" Sitaki wawajue watu hawa kwa vifo vyao tu. Nina vipindi vitatu vya dakika 40.

mkulima_eldoret
Anzia huku kwetu ticha. 1903 Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, ofa ya ardhi, watu wanaita mpango wa Uganda ila ardhi yenyewe ni Uasin Gishu hii hii tunayolima mahindi. Tume ikaja kukagua, 1905 mkutano wao kule Basel ukakataa. Sasa waulize wanafunzi, mtu atoke Urusi aje huku kutafuta nini? Hapo ndo unaingiza mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev, Urusi ya wakati huo, 1903, wajue chuki Ulaya ilikuwepo kabla ya Hitler. Na uulize pia Wanandi na Wamaasai nani aliwashauri, hilo mimi siwezi kuliacha.

mtu_wa_mbale
Mi ni Mkristo ila nimekulia Mbale, majirani zetu Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Walianza na Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda, baadaye wakakosana, akashika vitabu vya Musa na 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Amin akaipiga marufuku dini yao wakawa wanasali kwa kujificha. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, jioni hiyo hiyo Pasaka ya Kiyahudi inaingia, na waliomtoa Amin ni pamoja na babu za wanafunzi wako! Leo Ijumaa jua likielekea kuzama nenda Nabugoye, kilima chao karibu na Mbale, mishumaa inawashwa, wanaimba Kiebrania na Kiluganda, kazi basi mpaka Jumamosi usiku.

mwl_kigoma
Naunga mkono wa Mbale. Kwa mauaji yenyewe, picha za maiti siwaonyeshi, darasani nina watoto ambao wazazi wao walikimbia vita Burundi. Naenda hatua kwa hatua, 1933 maduka yanasusiwa, 1935 sheria za Nuremberg zinawavua uraia, 1938 watoto wanafukuzwa shule za serikali, ndo baadaye kambi za mauaji kama Auschwitz, na kwa jumla Wayahudi milioni 6 waliouawa. Hapo pa kufukuzwa shule maswali yanakuja mengi kweli. Wakiuliza Gaza usikwepe, ila tenganisha mapema, serikali ya Israel ni kitu kimoja na Myahudi wa Mbale ni kingine.

ticha_wa_tanga
Asanteni sana, kipindi cha kwanza ni Mbale. Hivi hao Abayudaya wanapokea wageni?

mtu_wa_mbale
Wanapokea vizuri tu, watafute mapema. Ukija Sabato kamera iache.