Mkaratusi wa mita 88 Kibosho: kipimo cha simu kinaaminika?

Kihamba Juu
Wakuu, salamu. Kuna mkaratusi wa zamani mpakani mwa kihamba (shamba la ukoo) huku Kibosho, Kilimanjaro. Programu ya simu imetoa mita 88. Aliyepima alisimama upande wa chini, kwenye migomba, mita 20 za futikamba kutoka kwenye shina. Mteremko ni nyuzi 20 hivi, na simu ilisoma nyuzi 77 kileleni. Kweli huu umeupita mkukusu wa Mlima Kilimanjaro, ule mti wa asili wenye rekodi ya urefu Afrika? Na nyumba iko mita 60 kutoka kwenye shina, waya za umeme ziko hapo hapo. Ukikatwa utafika?

Mpima Ardhi
Hizo 88 zitoe kichwani, mkuu. Simu imechukua 20 ikazidisha kwa tanjenti ya 77, yaani 4.33, ikapata 86.6, ikaongeza urefu wa jicho. Hapo kuna makosa matatu.

Kwanza, mita 20 za kufuata mteremko si mita 20 za usawa. Zidisha kwa kosaini ya 20, unabaki na 18.8. Pili, shina limeota karibu mita 7 juu ya nyayo za mpimaji, na programu imezihesabu kama sehemu ya mti. La tatu ndilo baya kuliko yote: ukisimama chini ya mti namna hiyo huoni kilele, unaona tawi lililokuelekea. Tawi likijitokeza mita 5 tu upande wako, kwa nyuzi 77 unaongezewa karibu mita 22 za bure. Sahihisha yote matatu na mti unashuka hadi mita 54 au 55.

Pima upya hivi. Usiende juu wala chini ya mteremko, nenda kando, usawa na shina. Vuta futikamba mita 60. Umbali usipungue urefu unaoukisia. Soma pembe ya kilele, kisha ya kitako. Mfano: kilele nyuzi 41 ni 52.2, kitako nyuzi 3 chini ya jicho ni 3.1, jumla 55.3. Kitako kikiwa juu ya jicho, unatoa badala ya kujumlisha. Rudia upande wa pili wa mti uchukue wastani, maana tawi linalokuongopea huku litakupunguzia kule. Simu ikikosea nyuzi 1 kwa umbali huo, umekosea takriban mita 2, basi funga simu kwenye stendi ya kamera ya miguu mitatu, usishike mkononi.

Leza
Akipatikana mwenye kipima umbali cha leza, achana na tanjenti. Piga jani la juu kabisa, chukua umbali wa mshazari, zidisha kwa saini ya pembe upate urefu juu ya jicho, kisha jumlisha au toa kitako kama alivyosema Mpima Ardhi. Tawi likikuelekea haidhuru, kwa sababu umepima tawi lenyewe. Ukikosa jani la juu unapata pungufu, hupati ziada. Usipime asubuhi yenye ukungu, leza hurudi kabla ya kufika.

Bwana Miti Usa
Kuhusu rekodi: mkukusu uliotangazwa 2016 una mita 81.5, ndio mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika. Mikaratusi ya kupandwa Magoebaskloof, Afrika Kusini, nayo imepita 80. Wenye mita 100 na ushee ni spishi nyingine, Eucalyptus regnans. Ule wa Tasmania uitwao Centurion ulipimwa mita 100.5 mwaka 2018. Huku kwetu mikaratusi iliyozoeleka ni spishi za saligna na grandis. Hyperion wa California, ambao si mkaratusi, wapimaji waliukwea mwaka 2006 wakateremsha utepe kutoka kileleni: mita 115.55. Huo ndio ushahidi, si simu.

Na mti kurefuka kuna gharama, maana maji lazima yafike kileleni. Kila mita 10 za maji ndani ya shina ni shinikizo la angahewa 1 (sawa na mgandamizo wa hewa usawa wa bahari), kwa hiyo mti wa mita 100 unavuta angahewa 10 kabla hujahesabu msuguano. Ndiyo maana majani ya kileleni huwa madogo na magumu. Watafiti mwaka 2004 walikadiria kikomo ni mita 122 hadi 130.

Kihamba Juu
Nimewaelewa. Kwa hiyo kwa mita 55, nyumba imepona?

Chenso
Shina halitafika, lakini usimruhusu mtu akae ndani. Mkaratusi mkubwa ukigonga ardhi matawi makavu hukatika yakaruka mbele, na vipande vilivyonasa juu huanguka nyuma kwa mwenye msumeno. Watu wakae mbali mara mbili ya urefu, yaani mita 110, na upande wa chini zaidi ya hapo kwa sababu gogo hubingirika. TANESCO wapewe taarifa mapema wazime laini. Halafu angalia mti umeinamia wapi: ukiinamia nyumba, kabari peke yake haitoshi, funga kamba ya waya juu na winchi upande wa pili, au apande mtu aukate vipande kuanzia kileleni. Kisiki cha saligna huchipua. Baada ya miezi michache acha machipukizi mawili yenye nguvu, mengine kata.