Naombeni ushauri, sindano za MS zinanitesa
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 34, naishi Leicester huku Uingereza, mwaka jana niligundulika nina multipo sklerosisi (MS), kinga ya mwili inashambulia utando wa mishipa ya fahamu. Nimeanzishiwa interferoni beta, najichoma mwenyewe mara 3 kwa wiki chini ya ngozi, sasa ni wiki ya 5 na kusema kweli nateseka. Nikichoma saa 2 usiku, ikifika saa 6 hivi natetemeka, homa, viungo vyote vinauma kama nina malaria, na asubuhi kazi inanisubiri. Nesi kaniambia nimeze panadol, sindano niitoe kwenye friji mapema isiwe ya baridi, na nibadilishe sehemu, leo paja keshokutwa tumbo. Yote nafanya. Homa imepungua kidogo ila mapaja yana mabaka mekundu magumu, yanawasha mno.

Mama yuko Tanga ananisihi niache nitumie mwarobaini, sipendi kumkatalia lakini naogopa mguu usije ukafa ganzi tena kama mwanzo.

Mliopitia hii, mwili ulichukua muda gani kuzoea? Mabaka mliyafanyaje? Mwezi ujao napimwa damu kuangalia ini, je nimuombe daktari anibadilishie dawa au nivumilie kwanza?