Sura ya tasnifu kuhusu matangazo ya Lost Friends imekataliwa na jarida: nianzie wapi?

Msaka Nyaraka
Wanajukwaa, habari zenu. Nimemaliza tasnifu ya uzamivu kuhusu Lost Friends, safu ya gazeti la Southwestern Christian Advocate la New Orleans, ambayo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 ilichapisha barua za watu waliokuwa watumwa wakiwatafuta jamaa zao waliouzwa mbali nao. Barua za waliojiandikisha kupokea gazeti zilichapishwa bure, wengine walilipa senti 50, na wachungaji waliombwa wazisome mimbarini. Nilituma sura ya tatu kwa jarida moja, ikarudishwa baada ya wiki mbili bila kufika kwa wahakiki, huku mhariri akiandika tu kwamba "hii bado ni sura". Alimaanisha nini? Na je, niachane na majarida, nitafute moja kwa moja mchapishaji wa chuo kikuu atakayetoa kitabu kizima?

Kalamu Nyekundu
Pole sana, ndugu yangu, ingawa jibu hilo limekupa msaada kuliko unavyodhani. Sura huegemea sura zilizoitangulia na huandikwa ili watahini waridhike kwamba umesoma vya kutosha, ilhali msomaji wa jarida hajui lolote kuhusu tasnifu yako na anataka kujua mapema unadai nini. Fungua mswada wako uangalie barua ya kwanza inatokea ukurasa wa ngapi. Nimehakiki makala nyingi za aina hii, na mara nyingi nyaraka zenyewe, ambazo ndizo zilizomfanya mtu akeshe usiku, hujitokeza ukurasa wa tisa au wa kumi, baada ya masimulizi marefu ya nani alimpinga nani kuhusu historia ya utumwa.

Anza na barua moja. Waandishi wale walitaja majina ya mabwana waliowamiliki, na pale walipouzwa tena wakataja na wanunuzi, kwa sababu mama aliyetenganishwa na mwanawe huenda alimjua kwa jina la bwana yule tu. Jina lililokuwa alama ya kumilikiwa likawa njia ya kumpata mzazi. Hilo ni dai linaloweza kubeba makala nzima, hasa ukilifungamanisha na usomaji wa mimbarini, maana barua hizo ziliandikwa zikijua kwamba wengi watazipokea kwa masikio.

Mwana wa Maktaba
Naongezea kuhusu jarida la kupelekea. William and Mary Quarterly, pamoja na heshima yake yote, hushughulikia Marekani ya awali hadi takriban mwaka 1820, kwa hiyo kazi yako haiwahusu. Journal of African American History, iliyoanzishwa na mwanahistoria Carter G. Woodson mwaka 1916 kwa jina la Journal of Negro History, ndiyo ningeijaribu kwanza. Journal of Southern History nayo inafaa, na ukiegemea zaidi fasihi na utamaduni, fikiria American Quarterly, iliyoanza mwaka 1949. Soma matoleo ya miaka miwili ya karibuni kabla ya kuamua, na usitume kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, kwa sababu wahariri hawalisamehe jambo hilo kirahisi.

Kalamu Nyekundu
Kuhusu kitabu, usikimbilie. Mchapishaji wa chuo kikuu huupeleka mswada kwa wahakiki, kwa kawaida wawili, kisha bodi ya wanataaluma huamua, na safari hiyo huchukua miaka. Makala moja iliyokwisha kutoka humwonyesha mhariri wa vitabu kwamba hoja yako imepimwa. Ila usizitoe sura nyingi mno kama makala, kwani atajiuliza kitabu kitakuwa na jipya gani.

Msaka Nyaraka
Ahsanteni mno. Nimehesabu: barua ya kwanza iko ukurasa wa kumi na moja. Je, kuhusu hakimiliki, naweza kuzinukuu kwa ukamilifu?

Mwana wa Maktaba
Maandishi ya miaka hiyo hayana tena hakimiliki nchini Marekani, kwa hiyo nukuu bila hofu. Picha ya ukurasa wa gazeti ni suala jingine: taasisi iliyoitoa inaweza kuwa na masharti yake na hata ada, basi waandikie sasa, kabla makala haijakubaliwa.